Siku Niliyopiga Nduru

Nilimwahidi Mzee Mwakio mambo mawili. La kwanza, kwamba nitaliandika jambo lililompata pale Malaba kama lilivyotokea, bila kuruka sehemu inayonihusu mimi. La pili, kwamba katika kuliandika sitatia unyasi hata mmoja. Ahadi ya kwanza inaeleweka na kila mtu. Ya pili nitaieleza nikiendelea, nanyi mnivumilie.

Nimechelewa kuitimiza. Kila ninapokaa mezani, hapa Butula ninakofundisha, kinachotangulia si neno bali ni sauti: ile pumzi ndefu ya breki za upepo, tsss, lori linapomaliza kusogea. Barabara kuu iko mbali na shule yetu, lakini mara mojamoja lori la miwa hupita karibu na kusimama. Wanafunzi huendelea kuandika. Mimi hushika ukingo wa meza mpaka ile pumzi iishe.

Nyumbani kwetu palikuwa nje kidogo ya Malaba, upande wa kwenda Amagoro, hatua chache kutoka barabarani. Kabla sijajua kusoma nilikwisha kujua kwamba duniani kuna foleni. Malori yaliyotaka kuvuka kwenda Uganda yalipangana mbele ya nyumba yetu yakielekea langoni, moja nyuma ya jingine, mpaka macho yakachoka kuyafuata. Madereva walipiga mswaki wakiwa wameegemea magurudumu. Tanboi, wasaidizi wao, walifua suruali na kuzianika kwenye vioo vya pembeni. Maajenti wa forodha walipita na bahasha kwapani, wakijibu simu mbili kwa wakati mmoja. Asubuhi hewa ilinukia dizeli na chai ya tangawizi; mchana ilinukia dizeli na dagaa wa omena; jioni ilinukia dizeli peke yake.

Foleni ile ingeweza kukaa siku mbili bila kusogea hata hatua, kisha ikasogea ghafla. Hapo hapakuwa na mzaha. Dereva aliyechelewa kuwasha injini alipitwa na walio nyuma yake, akaipoteza nafasi aliyoilalia siku mbili. Kwa hiyo sikuwahi kumjua dereva aliyelala usingizi kamili. Walilala huku mguu mmoja ukiwa macho.

Mama aliwapikia: ugali, maharagwe, mboga za kunde, na omena zilizoletwa kwa gunia kutoka Sio Port. Chakula kilipelekwa kwenye malori katika mabakuli ya bati. Kwa kuwa akina mama wengine nao walipika, kila mmoja aliweka alama yake kwa kutoboa ukingo wa bakuli kwa msumari. Mabakuli ya mama yalikuwa na matundu matatu yaliyokaa kama mafiga. Alama hizo ziliheshimiwa. Wapo waliogombana juu ya wateja, juu ya kuni, hata juu ya kivuli, lakini bakuli la mtu halikuguswa. Moja la kwetu liliwahi kuonekana Busia, likarudishwa na dereva ambaye mama hakumjua hata kwa sura. Alisema tu, “Mama, nimeuliza mafiga ni ya nani, nikaambiwa ni yako.”

Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuyakusanya, na sheria zilikuwa mbili. “Usipande ndani ya lori ya mtu,” mama alisema. “Gonga, simama chini, pokea.” Na ya pili: “Ukiogopa, piga nduru.”

Kwetu nduru haiulizwi. Anayeisikia huacha alichokishika na kuja mbio, na huja na kitu mkononi. Asiyekuja ataulizwa kesho yake alikuwa wapi, na jibu lake litakumbukwa siku yeye atakapopiga yake. Mtoto anayefundishwa kupiga nduru anakabidhiwa jeshi zima. Mimi nilikuwa nalo tangu nikiwa na miaka minne, na nilifika miaka kumi na miwili bila kuliita hata mara moja.

Badala yake nilikuwa bingwa wa kuogopa kwa maandishi. Nilikuwa darasa la sita, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametufanya tuwe na daftari la mapambo ya insha: ukurasa wa furaha, ukurasa wa huzuni, ukurasa wa asubuhi na mapema. Wangu wa woga ulikuwa umejaa hadi pembeni. Nilitetemeka kama unyasi nyikani. Moyo ulinidunda ukataka kupasua kifua. Kijasho chembamba kilinitiririka. Nywele zilinisimama kama miiba ya nungunungu. Ulimi ulinata kwenye kaakaa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa na mapambo arobaini na moja ya woga, na kwa furaha nilikuwa na tisa.

Mzee Mwakio alikuwa mmoja wa wateja wa mama. Alitoka Voi, na tulimwita mzee kwa sababu ya kipara tu, maana umri wake ulikuwa bado wa mtu wa makamo. Alikuwa nadhifu kupita kiasi cha foleni: suruali yake aliilaza chini ya godoro la lori usiku ili iamke na mkunjo. Alisema Kiswahili kirefu kisichogusa Kiingereza, na jirani yetu Wesonga, fundi wa pancha, hakuchoka kumchokoza kwa hilo.

“Mzee, leo tupatie kidogo ile Kiswahili yako ya Bibilia.”

“Nikupatie ya matusi, ndiyo tamu zaidi,” Mwakio alijibu. “Lakini mama huyu ananisikia, na ugali wake bado nautaka.”

Wesonga alicheka mpaka akaketi juu ya tairi kuukuu alilowawekea wateja wake liwe kiti. Nami niliwahi kulikalia mara nyingi. Likumbukeni tairi hilo.

Siku moja Mwakio aliliomba daftari langu. Alilisoma akiwa amekaa kwenye ngazi ya lori, akitumia kidole kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha.

“Unyasi huu,” alisema, “wewe umewahi kuuona ukiogopa?”

“Hiyo ni tamathali ya usemi, mzee.”

“Najua. Nakuuliza, wewe umewahi kuogopa?”

Nilisema ndiyo. Akauliza kama nilitetemeka. Nikasema sikumbuki.

“Basi,” alisema, akanirudishia daftari. Kisha akanisimulia jinsi breki zilivyowahi kumkatikia kwenye mteremko, nyuma amebeba saruji. “Sikutetemeka. Nilianza kuhesabu mbuzi waliokuwa kando ya barabara. Mmoja, wawili, watatu. Nilifika kumi na tisa, lori likaingia kwenye lundo la mchanga likasimama. Kugeuka, tanboi wangu anatafuta kiatu chake chini ya kiti, na kiatu amekivaa. Woga hauna unyasi, mwanangu. Woga una mbuzi na viatu.”

Nilimwonea huruma kidogo. Niliona kwamba alikuwa mtu mwema asiyejua kinachotakiwa katika mtihani.

Muhula ule ule uvumi ulikuwa umeingia Malaba. Ilisemwa kwamba kuna lori lenye chumba cha siri nyuma ya kiti cha dereva, ambalo huokota watoto upande wetu na kuwavusha ng'ambo wakachinjwe. Nimeuliza sana tangu nilipokuwa mtu mzima, na sijampata mtoto hata mmoja aliyepotea. Lakini wakati ule kila mtu alimjua mtu aliyemjua mzazi wa mtoto huyo. Kisimani akina mama walisema wana tumbo joto. Waendesha bodaboda waliwacheka kwamba wameingia baridi kwa woga, kisha jioni wakawapitia watoto wao wenyewe shuleni, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Hata Nalongo, mama mmoja kutoka ng'ambo aliyetuuzia ndizi tangu nizaliwe, alianza kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Mama alizirudia sheria zake mbili kila asubuhi, akinishika kidevu.

Wiki hiyo mwalimu alitupa insha: “Siku Nilipoogopa Kuliko Zote.” Mimi niliandika kuhusu chui. Sikuwahi kumwona chui, wala baba yangu hakuwahi, lakini katika kurasa mbili nilitetemeka, niliganda, nilinata, na nikatamani kumezwa na ardhi mara mbili. Nilitaka Mwakio aisome ndipo ajue kwamba unyasi una kazi yake.

Saa tisa alasiri nilifika kwenye lori lake na insha mkononi. Jua lilikuwa kali na foleni imelala. Niligonga, nikasimama chini. Kimya. Kupitia dirishani nililiona bakuli la mama limeachwa mbele, karibu na kioo. Niligonga tena. Kisha nikajaribu mlango, na mlango ukafunguka, nami nikapanda. Hakuna aliyeniita wala kunivuta. Nilivunja sheria ya kwanza kwa mikono na miguu yangu.

Ndani mlinukia sabuni na maganda ya chungwa. Nyuma ya pazia nilimsikia Mwakio akikoroma polepole. Kiti kilikuwa kirefu na miguu yangu haikufika chini, kikanipendeza. Nikaamua kumngoja aamke. Nilikuwa nikijisomea insha yangu, nimefika kwenye nungunungu, honi iliponguruma nyuma yetu. Papo hapo injini zikaanza kuwaka, lori baada ya lori. Mwakio alitoka nyuma ya pazia akiwa na fulana tu, macho mekundu ya usingizi, akaangukia kwenye kiti chake na kuwasha. Aliniona lori likiwa limekwisha kuondoka.

“Kumbe nina mgeni,” alisema. Kisha: “Kaa hapo, mwanangu, usifungue mlango. Tunasogea kidogo tu. Nikisimama pale mbele nakushusha.”

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Nimeyaandika yote kwa sababu hakuna mwingine aliyeyasikia.

Katika kioo cha pembeni niliona paa la nyumba yetu likipungua. Mbele kulikuwa na lango, na baada ya lango, Uganda. Niligeuka nikaliona pazia. Nilijua kwamba nyuma yake kuna kitanda. Nilikuwa nimekiona mara nyingi, na hata siku ile nilikuwa nimemsikia mtu akikoroma juu yake. Lakini ujuzi huo ulikuwa umeniacha. Nikaanza kukisoma kibandiko kilichokuwa kwenye kioo cha mbele, herufi na namba zake, kutoka kushoto, halafu kutoka kulia, halafu tena kutoka kushoto. Sikusikia moyo. Sikusikia jasho. Nilikisoma kibandiko mara nne au tano, kisha nikatoa kichwa nje ya dirisha nikapiga nduru.

Bodaboda ya kwanza ilitufikia upande wangu, na mwendeshaji akanitazama usoni huku akienda sambamba nasi. Ya pili ilipita mbele na kulala katikati ya barabara. Mwakio akasimamisha lori. Tsss. Pumzi ile haikuwa imekwisha bado mlango wake ulipofunguliwa, akavutwa kwa fulana, fulana ikachanika, akavutwa kwa mkono.

Yule wa bodaboda ya kwanza alipanda upande wangu. Hakuwa mtu mbaya. Aliniwekea mkono begani, na mkono wake ulikuwa na joto.

“Kijana, huyu mzee alikushika? Alikuwa anakupeleka?”

Nimeishi na sekunde ile miaka yote hii, na ninaomba mnisome polepole hapa. Ni kweli kwamba sikuwa na sauti. Lakini kichwa kilikuwa kikifanya kazi. Niliona kwamba nikisema nilipanda mwenyewe, mama atajua. Niliona watu wakija kutoka kila upande, wakiwa na fito, na mawe, na vyuma, wote wameitwa na mimi, na nikaogopa kuwaambia kwamba wameitwa bure. Nilikuwa nimemwogopa Mwakio kwa muda wa kusoma kibandiko mara tano. Sasa niliwaogopa wao.

Niliitikia kwa kichwa.

“Amekubali,” yule mtu aliwaambia wenzake.

Nilikuwa juu, nyuma ya kioo kikubwa, nikaona kila kitu. Jiwe likigonga mfupa halitoi sauti kubwa. Ni sauti ndogo, kavu, kama ya muwa unaovunjwa gotini. Mwakio alianguka, akainuka, akaangushwa. Mtu mmoja alikuwa na mnyororo wa pikipiki. Mama mmoja aliyeuza nyanya, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alivua kandambili akampiga nayo mdomoni mara tatu, taratibu, kama anayeua mende. Mwakio alipojikinga kichwa kwa mkono wa kulia, mtu aliyeshika chuma cha kufungulia magurudumu aliupiga mkono huo hadi vidole vikatazama upande usio wao. Jicho la kushoto sikuona lilipigwa na nani. Niliona tu kwamba alipogeuza uso kuelekea kwenye lori, upande mmoja ulikuwa damu tupu.

Alikuwa akisema neno moja tu, kila alipopata pumzi. “Muulizeni mtoto. Muulizeni mtoto.”

Nao walikuwa wamekwisha kuniuliza.

Ajenti mmoja aliyekuwa na bahasha kwapani alijaribu. “Maboss, ngojeni. Tuite polisi wamchukue.”

“Wewe ni ndugu yake?” aliulizwa. “Ama ni nyinyi mnawaandikia makaratasi ya kuvusha watoto?”

Ajenti aliikumbatia bahasha yake akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka nikampoteza.

Kisha nikamwona Wesonga. Alikuwa akija mbio kutoka upande wa nyumbani, ameinama, akiviringisha mbele yake lile tairi lake la wateja. Nyuma yake mtu alibeba petroli katika chupa ya soda, kidole gumba kikiwa kimeziba mdomo wa chupa. Sikuwa nimewahi kuona tairi likitumiwa hivyo, lakini nilikuwa mtoto wa Malaba. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Ndipo mlango wa upande wangu ulipofunguliwa tena, na akapanda Nalongo, akihema, leso imemfunguka kiunoni. Alikuwa na chupa ya maji.

“Mwana wange,” alisema, “kunywa maji.”

Nilitikisa kichwa kukataa. Nyuma yake tairi lilikuwa limefika. Hakunihimiza, wala hakugeuka kulitazama. Alinishikia chupa mdomoni kama anavyofanyiwa mgonjwa, na maji yakamwagika kifuani, mengine yakapita. Alingoja nimeze. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

“Ulikuja kutafuta nini humu?”

“Bakuli,” nilisema.

“Ulipanda mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

Bakuli lilikuwa limeanguka chini ya kiti. Aliliokota, akashuka, akaanza kuligonga kwa jiwe kama kengele ya bati, akijipenyeza katikati ya watu. “Mtoto alifuata bakuli. Mimi nimemuuliza. Alifuata bakuli ya mama yake.” Mtu akasema huyu naye ni mmoja wao, si ametoka ng'ambo, na jiwe likampata begani. Alipepesuka, akaendelea kugonga. Alipofika katikati tairi lilikuwa tayari shingoni mwa Mwakio, na mikono ya Wesonga ikiwa juu yake. Akalisukuma bakuli mbele ya macho ya Wesonga, kidole chake kikiwa chini ya yale matundu matatu.

“Umekula kwa hii leo,” alimwambia. “Wewe na yeye. Ni ya nani?”

Wesonga aliyatazama yale matundu. “Ni ya Mama Etyang,” alisema. Etyang ni mimi. Akalivua tairi lile shingoni mwa Mwakio, polepole, akihadhari lisimguse masikio. Wengine hawakuwa wamesikia, na fimbo mbili tatu ziliendelea kushuka, mpaka mama yangu alipofika akikimbia bila viatu na kujilaza juu ya yule mtu kwa urefu wake wote. Fimbo ya mwisho ilimpata yeye mgongoni. Baada ya hiyo lori moja nyuma likapiga honi, kwa maana foleni ilikuwa bado inasogea.

Walitawanyika bila kuagana. Mawe yaliwekwa chini, hayakutupwa. Yule mwendesha bodaboda aliyenishika bega alibaki akizunguka pale, akiuliza kila mtu kama ameiona helmeti yake. Ilikuwa kichwani mwake.

Mzee Mwakio hakufa. Alipoteza jicho la kushoto, na mkono wa kulia haukurudi kushika usukani. Polisi walipokuja kuuliza, waliambiwa kwamba waliofanya vile walikuwa wapita njia. Nalongo hakuuza tena ndizi upande wetu. Mama hakunichapa, ingawa nilingoja kuchapwa kwa wiki nzima na kipigo ningekipokea kama msaada. Wiki iliyofuata mwalimu alirudisha insha. Nilikuwa nimepata thelathini na sita kwa arobaini. Chini aliandika kwa wino mwekundu: “Umeonyesha woga kwa ufundi mkubwa.”

Namba ya simu ya Mwakio mama aliiandika kwa makaa ukutani jikoni, na kila Krismasi alimpigia akiwa peke yake. Nilipohitimu chuo cha ualimu alinipeleka mbele ya ukuta huo. “Sasa wewe ni mwalimu,” alisema. “Enda.”

Nilimkuta Voi nyuma ya kaunta ya duka dogo, akipima sukari kwa mkono wa kushoto, suruali ina mkunjo. Alinijua kabla sijajitaja. Tulikunywa chai. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia nilichofanya, lakini alinitangulia.

“Nilikuona kupitia kioo,” alisema. “Uliitikia.”

“Ndiyo, mzee. Niliogopa.”

“Najua. Uliogopa, nikaogopa, na wale wote waliogopa. Kila mmoja wao alikuwa na mtoto nyumbani. Ungewauliza wangekuambia wana hasira.” Alinywa chai. “Hasira humfaa mtu mzima, humsitiri kuliko woga.”

Nilikuwa nimetumia miaka nikikusanya majina ya woga, na hilo la hasira sikuwahi kuliandika katika ukurasa wake. Nilikuwa nimeziona fimbo, chuma, kandambili ya mama wa nyanya, na nikaziita ukatili. Nilikuwa nimeiona hata helmeti, na sikuitambua.

“Wajukuu huniuliza mkono huu ulikuwaje,” aliendelea. “Huwaambia ni ajali ya lori. Nimechoka kulisingizia lori. Na huko kwenu najua bado yupo anayesema kwamba siku ile aliachiliwa mwizi wa watoto. Wewe unajua kuandika. Andika kwamba nilikuwa nakusogeza tu mbele. Andika na ile ya kuitikia kwa kichwa. Na usinitilie unyasi.”

Nimeandika. Sikuutia.

Wanafunzi wangu wana daftari la mapambo, kwa kuwa mtihani bado unayataka, nami siwezi kuwanyima alama. Lakini ukurasa wa woga tunauanza kwa kila mtoto kusimulia mbuzi wake: alichohesabu, alichosoma, alichokitafuta na huku amekishika. Wengi wanavyo. Ni watoto wa mpakani.

Ninyi mnaosoma ninawaomba jambo moja. Mkisikia nduru, nendeni. Yupo mtu anayewahitaji kweli. Lakini mkifika, kabla ya kuokota chochote, mtafuteni aliyeipiga, mpeni maji, na mngojeni ameze.